Hodi ya Muuza Saruji

Jasmin alinipa sharti moja tu: nikilitaja duka langu kabla ya adhuhuri, Alhamisi anapanda boti kwenda Tanga kwa dada yake Shamima, na harudi mpaka atakaponitamani. "Na hilo usilingoje," aliongeza mke wangu, akipanga sambusa kwenye bakuli la mfuniko.

Nilicheka. Miaka ishirini na miwili namwahidi kumpeleka kwenye ule msitu wenye majabali ya kale ya mchanga, na kila mwaka kuna saruji inayoshushwa. Tena nina mdomo wa kuuza. Hata mazishini nimewahi kumuuliza mfiwa kama kaburi atalijengea.

Asubuhi ile nilijitahidi. Kutoka Chake Chake nilisifia mikarafuu, mawingu, hata mbuzi. Msituni, mtembezaji wetu Bi Kazija alituonyesha majabali yamesimama katikati ya miti, mekundu, tabaka juu ya tabaka, na kidole changu kikayakwaruza chenyewe. Mchanga laini ajabu, wa kupigia plasta! Niliuma ulimi nikasema, "Mashaallah." Jasmin akatabasamu. Nikajiona bingwa.

Tukafika kwenye upenyo mwembamba baina ya majabali mawili. Bi Kazija akatusimamisha.

"Hapa hapapitwi kimya. Mwapiga hodi kwa wenyewe, mizimu ya mawe haya. Kila mtu ataje jina lake na atokako, wamjue."

Nikakohoa. Jina na nitokako! Hayo nayasema kwenye simu kutwa nzima.

"Hodi! Burhan hapa, duka la saruji na mabati, Chake Chake, karibu nikuhudumie!"

Ilikuwa saa nne na robo. Bi Kazija alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Jasmin hakucheka. Alinikabidhi bakuli la sambusa, akapita mbele yangu.

"Hodi," alisema. "Mimi Jasmin. Nimekuja peke yangu."

"Karibu, bibi, pita," alimwitikia Bi Kazija, akamfuata. Kisha akanigeukia. "Weye wa mabati, ngoja hapo kwanza."

Nikangoja. Kwenye ule upenyo nilimwona mke wangu ameweka kiganja juu ya jabali, analitazama bila haraka. Miaka yote ile aliyatamani mawe haya, na mimi nimemletea tangazo. Niliona aibu.

Nikapiga hodi tena, polepole, jina langu tu. Hakuna aliyeitikia.