Miiba ya Mgebuka

Kwa miaka sita Rahabu, mlezi katika makao ya watu wazima wenye ulemavu wa akili pale Buzebazeba, alimchambulia Feliksi miiba ya samaki. Feliksi alikuwa na miaka arobaini, lakini nani angethubutu kumwachia mwiba?

Mchana huo Rahabu alikuwa amejikata kidole, akawa anahangaika na mgebuka wake kwa mkono mmoja huku akisonya. Feliksi akaivuta sahani. Akampasua samaki mgongoni, akang'oa uti mzima, hata mwiba mmoja haukubaki.

"Nani kakufundisha?"

"Mama. Tulikuwa tunauza samaki Katonga."

"Na siku zote hizo umenyamaza tu?"

Feliksi akamwekea mnofu juu ya ugali.

"Wewe ulipenda kunichambulia, dada."