Lenzi Iliyosuguliwa kwa Majivu

Kalunde hakuwa mnyenyekevu, na hakuna mtu Kitengela aliyewahi kumdai unyenyekevu. Mwaka ule wa 1999, ukiuliza mpiga picha hodari ni nani, watu walikuelekeza kwake kabla hujamaliza swali. Ukimuuliza yeye mwenyewe, naye alikuelekeza kwake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alikuwa mgema wa namna nyingine: ukimsifu leo, kesho alipiga picha nzuri zaidi ili umsifu tena.

Basi Ijumaa moja mchana alifungua mkoba wa kamera na kukuta mkwaruzo kwenye lenzi, mrefu, umepinda kama kucha, umekatiza katikati kabisa ya kioo. Alikaa kitako kwenye sakafu ya studio yake ya mabati.

"Nani ameshika hii kitu?"

"Ni mimi," akajibu Mbeke, mama mkwe wake, kwa furaha tele. "Ilikuwa na alama ya kidole, chafu sana. Nimeisugua na majivu. Si unaona vile inang'aa?"

Ni lazima umjue Mbeke. Sufuria zake ziling'aa mpaka majirani walijitazamia humo wakifunga vitambaa. Alikuwa amesugua maishani mwake kila kilichosugulika, na siku hiyo zamu ilikuwa imefika ya kamera. Lakini Kitengela hakuna majivu yasiyoingiwa na vumbi la machimbo ya mawe, na chembe moja tu ya jiwe ilitosha.

Kalunde alifungua mdomo apige kelele. Halafu akaufunga.

Miaka sita nyuma, mume wake alipofariki, shemeji zake walikuja kuichukua kamera hii. Mjane gani, walisema, anazunguka kwenye sherehe za watu na kamera shingoni? Mbeke alibeba kigoda, akakiweka mlangoni, akakaa. "Mwenye anataka hiyo kamera apitie hapa juu yangu," aliwaambia wanawe mwenyewe. Hakuna aliyepita. Mtu kama huyo humfokei kwa sababu ya kioo.

"Asante, mwaitu," Kalunde akasema, kama Wakamba wanavyomwita mama.

Tatizo lilikuwa kesho yake. Kesho Nashipae alikuwa anaolewa, kule Kajiado, na mama yake Nashipae hakuwa mteja wa kawaida. Aliitwa Keziah, mke wa mzee Kuntai, mfugaji wa Kimasai, na wiki mbili zilizopita alikuja mwenyewe mpaka studio, akakaa, akanywa chai yote kabla ya kusema shida yake.

"Mama Maweu," alisema, akimwita Kalunde kwa jina la mwanawe, "mimi niko na wasichana wanne. Watatu wameolewa. Kwetu msichana akitoka kwa boma kuolewa haangalii nyuma, hata mara moja. Na mimi nabaki mlango ya nyumba. Hao watatu wote niliona mgongo tu. Sijui kama walienda wakilia. Sijui kama walienda na hasira na mimi. Huyu wa mwisho nataka uso yake, hiyo dakika anatoka. Picha moja tu. Hizo zingine piga vile unataka."

Kalunde alijipiga kifua. "Hiyo nishapiga, mama. Imebaki kukuletea tu."

Sasa alitoka nje na kamera, akaielekeza upande jua lisipokuwa. Hakuona kasoro. Akageuka, akaielekeza upande wa jua. Ukungu mweupe ulifunika kila kitu. Hata mti wa jirani ulipotea. Na lango la boma la Kuntai lilitazama magharibi. Nashipae angetoka asubuhi, jua likiwa mgongoni mwake, na kamera ingekuwa mbele yake, inalitazama jua hilo ana kwa ana. Bibi harusi mwingine ungemwambia, geuka kidogo, dada. Huyu hageuzwi.

Lenzi za kamera ile zilikuwa zimetoweka madukani. Munguti, mpiga picha mwingine wa mjini, alikuwa amekwenda na kamera yake kwenye harusi Machakos. Mtu mwingine angepiga simu aombe radhi. Kalunde aliwaza hilo kwa muda wa kufunga na kufungua macho, akaona aibu hata kwa kuliwaza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Alikaa na lenzi mapajani, akaitazama mpaka akaielewa. Kioo hakikuwa kimeharibika chote. Taabu ilikuwa ule mfereji mdogo uliokuwa ukinasa mwanga na kuutawanya. Mfereji huzibwa. Alitoa chupa ya wino mweusi na brashi nyembamba, vile alivyotumia kufunika madoa meupe kwenye picha za vitambulisho, akaujaza mkwaruzo wote, polepole, amebana pumzi. Ulipokauka, alipangusa wino wa juu kwa kitambaa chenye unyevu. Ule wa ndani ulibaki.

"Ai!" Mbeke alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi nang'arisha, wewe unapaka masizi!"

"Ni dawa ya jua, mwaitu."

Alitoka tena, akaelekeza kamera upande wa jua, akaikinga lenzi kwa kiganja. Ukungu ulikuwa umeondoka. Mti wa jirani ulirudi mahali pake. Kalunde alicheka peke yake kwa sauti, na hapo akaona kasoro ya pili: kila kilichokuwa na jua mgongoni kilikuwa na uso mweusi. Flashi yake ndogo ingefanya nini mbele ya jua la Kajiado? Alitazama huku na huku kwa hasira, na macho yakatua kwenye kifuniko cha sufuria kubwa ya Mbeke ya kupikia harusini, kimeegemezwa ukutani, kinameremeta.

"Mwaitu," alisema, "kesho tunaenda na wewe."

Asubuhi iliyofuata mzee Kuntai aliwapokea langoni. Alikitazama kifuniko alichobeba Mbeke, akaamua kutouliza. "Tembea mbele yake, hakuna shida," alimwambia Kalunde. "Lakini usimwite jina. Usimwambie simama. Njia ni yake."

Kalunde alihesabu hatua thelathini kutoka lango hadi gari la bwana harusi. Alipima hatua tano, umbali ambao angekuwa mbele ya bibi harusi, akaiweka lenzi ione wazi hapo hapo. Akamsimamisha Mbeke kando yake, kifuniko kimeelekezwa langoni.

Kuntai alimbariki bintiye kwa maziwa na nyasi. Kisha Nashipae akatoka, shanga zimemjaa shingoni, jua linawaka nyuma ya mabega yake. Kalunde alianza kurudi kinyumenyume, mkono mmoja kwenye kamera, mwingine umekinga lenzi. Mbeke naye alirudi kinyumenyume, miaka sabini na mbili, ameshika kifuniko kama ngao. Mwanga mlaini uliruka kutoka kwenye kile kifuniko, ukatafuta shanga, ukapanda, ukatua usoni. Kalunde akabonyeza mara moja. Aliongeza mara ya pili, lakini alijua ya kwanza ilikuwa imetosha.

Wiki iliyofuata walirudi wote wawili Kajiado na bahasha. Keziah alizipita picha nyingine haraka, mpaka akaifikia ile.

Aliishika kwa vidole viwili. Nashipae alikuwa na chozi moja shavuni, na halikuwa limefichwa. Lakini kidevu kilikuwa juu, macho yako mbele, na pembe ya mdomo ilikuwa karibu kutabasamu, kama mtu anayejua ametoka kwa nani.

"Hajainama," Keziah akasema. Akamgeukia mumewe, akalirudia kwa Kimaa, lugha yao. Halafu tena kwa Kiswahili, huku analia waziwazi bila kujifuta: "Huyo ni mtoto yangu. Ameenda na hajainama."

Kifua cha Kalunde kilijaa. Sasa ndio ulikuwa wakati wake. Angeeleza mkwaruzo, wino, kiganja, hatua tano. Angeeleza vyote, na kwa utaratibu. Alivuta pumzi.

"Hiyo kioo nilisugua mimi," Mbeke akasema. "Na majivu."

Keziah alimtazama Kalunde, anangoja. Maneno yote aliyoyapanga Kalunde yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alimwona Mbeke amekaa wima, mikono mapajani, vile alivyokaa kwenye kigoda kile mlangoni miaka sita iliyopita.

"Ni kweli," Kalunde akasema. "Bila huyu, haungeona huo uso."

Alishangaa kusikia kwamba hakuwa amedanganya hata kidogo, na fahari iliyomjaa wakati huo ilizidi ile aliyokuwa akiingoja.

Keziah aliishika mikono ya Mbeke yote miwili. "Ashe oleng, mama," akasema. "Asante sana."

Mbeke aliipokea shukrani ile kama mtu aliyeizoea. Kisha akaitazama birika ya Keziah, nyeusi tii kwa moshi, iliyokuwa kando ya moto.

"Uko na majivu hapa?" akauliza.

Kalunde aliuvuta mkoba wa kamera kutoka sakafuni, akaupakata.