Selotepu ya Mshazari

Fundi wetu wa televisheni alipohamia Boko, kiti chake kilibaki wazi. Mama Felicitas, mwenye duka, alisema siku hiyo angemchagua wa kukikalia: Ansbert mwenye cheti cha ufundi, au mimi niliyekuwa nafagia na kubandua skrini mbovu.

"Huyu kaishia darasa la tano, Mama," Ansbert alisema. "Mwanga wa skrini atauelewea wapi? Kwake taa ni kuwaka na kuzimika, basi."

"Si kweli."

Nilisema kwa sauti ndogo mno, ikabidi nirudie. Kuongea mbele za watu kunanitesa tangu shule. Nikatoa boksi langu chini ya meza, nikaliweka mlangoni, likatazama duka la vitambaa la mzee Karmali ng'ambo ya barabara. Binti yake, Tayyaba, ni rafiki yangu; akiliona boksi mlangoni, hujua achungulie.

Ndani ya boksi kulikuwa na taa. Mbele yake niliweka plastiki ya kijivu niliyobandua kwenye skrini ya TV, kisha kioo: nusu kitupu, nusu kina selotepu. Tayyaba alikuwa na kipande cha plastiki ileile. Changu kimesimama, chake amekilaza, hivyo akichungulia kupitia kwake anaona giza. Nikisogeza selotepu mbele ya taa, anaona mwanga. Asiye na kipande anaona taa ileile, haibadiliki. Katika alama zetu tulikuwa tumefika kwenye irabu tu: mwanga mara moja ni a, mara mbili e, hadi mara tano, u.

"Mama, ninong'oneze neno. Liwe la irabu tupu."

Mama akaitazama kanga yake, akaniinamia. Ansbert akaikodolea macho taa. Nikasogeza kioo mara tano. Nikatulia. Mara moja.

"Haya, anza," Ansbert alisema.

"Nimemaliza."

Ng'ambo, Tayyaba akapaza sauti: "Ua! Ua!"

Wauza machungwa wakasimama. Mmoja akaokota jiwe. "Mwizi yuko wapi?"

"Ua la kwenye kanga, jamani!" Mama alipiga kelele akiinua pindo. "Weka jiwe chini, baba!"

Barabara nzima ilicheka, isipokuwa Ansbert.

"Kiini macho hicho. Lete." Akaitazama selotepu yangu. "Imekaa upande kama mwandiko wa mlevi." Akaing'oa, akabandika nyingine kwa rula, sambamba na ukingo wa kioo. Akasogeza. Akasogeza tena.

"Tayyaba!" Mama aliita. "Unaona nini?"

"Giza, Mama!"

Shuleni nilichapwa kwa kuandika mistari inayokwenda upande.

"Ikinyooka, mwanga unapita kama ulivyoingia," nilisema. "Ikikaa mshazari, sehemu moja ya mwanga inacheleweshwa, nyingine inatangulia. Zikikutana tena, mwanga umeshageuka."

"Nani kakufundisha?" Mama aliuliza.

"Skrini mbovu."

Sikungoja uamuzi wake. Nikakivuta kiti cha fundi, nikakaa.

"We Asifiwe, inuka!" Ansbert alifoka. "Mama, hata cheti hana!"

Niling'oa selotepu yake, nikabandika yangu, mshazari. Nikasogeza mara moja. Nikatulia. Mara moja tena.

Ng'ambo ya barabara, kwa sauti ambayo mimi sina, Tayyaba akajibu:

"A-a!"

Mama akauchukua ufagio wangu, akamkabidhi Ansbert.