Sekunde Nane

Kibii hupenda kuwaambia waandishi wa habari kwamba Sauti Bonde ilianzia kwenye chumba kimoja juu ya duka la mbegu, Nakuru mjini, na kwamba siku ya kwanza tulikuwa na wateja kumi na wawili. Huwa hasemi kwamba wanane kati yao walikuwa jamaa zake. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeifunga seva ya kwanza ukutani kwa waya wa kuanikia nguo ili isianguke, na mimi ndiye niliyeandika programu iliyomfanya awe mtu wa kupigwa picha. Nayasema haya mapema ili usidhani nimekuja kumsingizia mtu. Nitakayoyaeleza ni kazi ya mikono yangu.

Biashara yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Mtu aliye Ghuba, au Marekani, au popote penye intaneti, anapiga kupitia kwetu, nayo simu inaingia kwa mamake huku nyumbani, hata kama mama mwenyewe ana kabambe tu, simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti. Tuliwatoza robo ya bei ya kampuni kubwa. Kabla miaka minne haijaisha, tulikuwa na mawakala Gilgil, Lanet, Salgaa mpaka Molo, na wateja elfu arobaini. Kampuni kubwa zikapiga kelele kwamba tunapitisha simu kwa mlango wa nyuma. Barua zikaanza kuja kutoka mamlaka ya mawasiliano Nairobi, kuhusu leseni. Siku moja wakaja wanaume wawili wenye suti wakabandika karatasi mlangoni petu, na kesho yake akina mama wenye watoto Uarabuni wakajaa barabarani wakiimba mapambio, hadi karatasi ikabanduliwa. Kibii alilia mbele ya kamera siku hiyo. Hata leo sidhani alikuwa anaigiza.

Dada yangu mkubwa, Truphosa, alikuwa miongoni mwa hao akina mama. Ana hoteli Salgaa, pale malori yanapopumzika, na huanza kupika chapati na matumbo kabla ya jua kuchomoza. Ana binti mmoja tu, Mitchelle, ambaye alipomaliza shule alikaa nyumbani miaka miwili bila kazi, kisha wakala fulani wa ajira akamtafutia kazi za nyumba Ghuba. Siku ya kuondoka nilimfungulia akaunti mimi mwenyewe, tumesimama kando ya jiko la mamake. Hapo hapo Truphosa akapanga naye ishara zetu, zile za kupiga na kukata tulizotumia tangu simu za mkono zilipoingia kwetu. Flashi moja, niko salama. Mbili, nipigie ukipata nafasi. Tatu, niko taabani, nenda kwa wakala aliyenileta na usibanduke kwake mpaka anitoe.

"Na kama kuna mtu karibu usiongee," Truphosa akamwambia. "We flash tu, ukate. Mimi nitasikia."

"Sawa, mum. Lakini usiwe unaweka simu ndani ya unga."

Kwa miezi saba, saa nne asubuhi, flashi moja iliingia Salgaa. Truphosa alikuwa akiisikia, anapangusa mikono kwa aproni, anatazama namba, anarudi kusukuma chapati. Hakuhitaji zaidi ya hiyo.

Wakenya ni mabingwa wa kuflashi. Tunapiga, tunasikia inalia mara moja, tunakata kabla mtu hajapokea, na ujumbe umefika bure. Kampuni kama yetu itapata wapi riziki kwa watu wa namna hiyo? Tulikuwa na laini chache za kuingiza simu nchini, na kila flashi ilishika laini kwa sekunde kadhaa. Jumatatu moja ya mwezi wa pili Kibii akaniita mezani kwake, uso umemkunjamana.

"Nabalayo, kuja uone. Hii ni nini?"

"Ni flash, boss."

"Kwa kila simu kumi, sita ni flash! Watu wameshika line na hawaongei. Mwenye anataka kuongea anapata busy, anaenda kulia Facebook ati sisi ni wezi."

"Nizizuie?"

"Ukizuia watatumaliza na matusi. Wacha waflash." Akanikonyeza. "Lakini isifike."

Nilimwelewa mara moja, na kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeimaliza. Kuanzia siku hiyo, ukipiga kupitia Sauti Bonde ulisikia inalia, krr, krr, lakini mlio ule ulikuwa wetu, tuliokuchezea sikioni. Simu yenyewe haikutoka mpaka sekunde nane zipite. Aliyesubiri alipata mtu wake na hakujua lolote. Aliyekata mapema alienda zake akiamini ameflashi, na kule nyumbani hakuna kilicholia.

Niseme ukweli: niliona raha. Ulikuwa ujanja msafi. Laini zikapumua, malalamiko yakapungua, Kibii akatununulia nyama ya kuchoma ofisi nzima. Shiru wa huduma kwa wateja peke yake ndiye aliyeuliza kama haingekuwa vizuri kuwaambia watu. Nikamjibu kwa kiburi, mdomo umejaa nyama, kwamba mtu mwenye shida ya kweli atasubiri ipokelewe. Sikumkumbuka Mitchelle hata kidogo. Nimejiuliza mara nyingi inawezekanaje.

Siku ya nne Truphosa akaja ofisini akiwa na aproni yake.

"Mtoto ameninyamazia," akasema. "Siku nne. Mitchelle haezi sahau."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Lakini Kibii alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu akiongea na wakili, na siri ile ilikuwa ya kampuni. Nikatabasamu.

"Ni mitambo, Mama Mitchelle. Tumebadilisha, flash hazipiti siku hizi. Mtoto ako sawa."

"Hazipiti kwa watu wote?"

"Wote."

 Dada yangu hakwenda shule sana, lakini kichwa chake kinakata. "Na yeye anajua hazipiti?"

"Nitamwandikia leo."

Uso wake ukalegea, nikaona mzigo unamtoka mabegani. Akatoa chapati sita zilizofungwa kwa gazeti akaniachia mezani, akarudi Salgaa. Nilimwandikia Mitchelle kweli, jioni ile ile. Ujumbe ukakaa bila kusomwa. Wiki hiyo tuliitwa Nairobi kujibu mambo ya leseni, nikawa nambebea Kibii mafaili, na sikuutazama tena.

Baada ya wiki tatu yule wakala wa ajira akampigia Truphosa simu. Mitchelle ameanguka kwenye ngazi, hayupo tena. Maiti ilifika baada ya mwezi, ikiwa na karatasi moja isiyosema kitu, tukamzika nyumbani Webuye huku mvua ikinyesha. Kibii alikuja na kikosi kizima cha ofisi, akatoa rambirambi nzito, akasema mbele ya kaburi kwamba Sauti Bonde iliundwa kwa ajili ya watoto kama huyu. Watu wakaitikia amina. Mimi pia niliitikia.

Nilikuwa nimerudi kazini siku mbili tu barua nyingine ilipokuja. Mamlaka ilitaka kumbukumbu zote za simu za miezi sita. Kibii akafunga mlango.

"Futa zote za chini ya sekunde nane," akaniambia. "Hizo hazikuwa simu. Wakiona hiyo kitu watatufunga kesho."

Nikaketi kwenye kompyuta yangu. Kabla ya kufuta, nikaandika namba ya Mitchelle.

Siku nne za kwanza kulikuwa na flashi moja moja, saa nne asubuhi, kama kawaida. Siku ya tano, ile iliyofuata chapati zangu sita, kulikuwa na tatu. Halafu tatu tena saa saba. Kesho yake tatu mara nne. Alikuwa ameflashi siku sita mfululizo, tatu tatu, saa zisizo na mpango, pengine kila alipoipata simu, pengine akiwa amejifungia chooni. Hakusubiri ipokelewe kwa sababu asingeweza kuongea, na kwa sababu tulimfundisha asingoje. Alisikia inalia Salgaa. Alijua mamake ameshatoka mbio kwenda kwa wakala. Siku ya mwisho alijaribu mara ishirini na moja, na mojawapo ilifika sekunde saba.

Nilimwita Kibii, nikamwonyesha kwa kidole. Alizisoma zote akiwa nyuma ya kiti changu. 

"Pole, Naba," akasema. "Pole sana. Lakini imeshatokea. Kuna akina mama elfu arobaini wengine. Tukifungwa, hao watoto wao watapiga na nini?" Aliposhika kitasa cha mlango hakunitazama. "Futa."

Ubaya wa maneno yake ni kwamba yalikuwa na ukweli ndani. Nilikaa nayo mpaka saa kumi. Kisha nikachapisha kurasa mbili za Mitchelle, nikaziacha kumbukumbu zote mahali zilipokuwa, nikaweka funguo za ofisi juu ya kibodi. Sikumuaga mtu.

Nilifika Salgaa kesho yake asubuhi. Hoteli ilikuwa imejaa madereva, redio inapiga kelele, lori moja limeachwa likinguruma nje ya mlango. Truphosa alinivutia kiti karibu na jiko. Nikampa karatasi, nikamweleza yote, sekunde nane, mlio wa uongo, Kibii, nyama, ujumbe ambao haukusomwa. Nilimwambia kwamba siku ile aliponiuliza, nilimdanganya. Alipitisha kidole chenye unga kwenye kila mstari, polepole, akisoma tarehe kwa midomo.

"Hii siku nilikuwa hapa," akasema. "Na hii. Hii pia." Akainua kichwa. "Nani aliandika hiyo kitu ya kuzuia?"

"Ni mimi, dada."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige, mbele ya madereva wote wale, anitukane, anifukuze. Alitoa tu simu mfukoni mwa aproni, ile kabambe yake, akaiweka mezani kati yetu, juu ya unga.

"Hiyo ndefu ilikuwa sekunde ngapi?"

"Saba."

"Niflashie. Usikate mpaka ifike saba."

"Dada, tafadhali."

"Niflashie, Nabalayo."

Nikatoa simu yangu, yenye laini ya kawaida isiyopitia Sauti Bonde. Nikapiga. Ilipoanza kulia nikahesabu saba, nikakata. Nikapiga tena, nikahesabu, nikakata. Truphosa hakuiangalia simu. Alikuwa amekodoa macho kwenye karatasi, mkono mmoja kifuani. Nikapiga mara ya tatu. Redio ilikuwa bado inapiga kelele, na lile lori lilikuwa bado linanguruma.

Dereva mmoja aliyeketi meza ya mwisho kabisa, mlangoni, akageuka na kijiko mkononi.

"Mathe," akaita, "simu yako inalia."

Truphosa akanitazama.

"Hata yeye amesikia," akasema.