Maji ya Kumkanda Mwanaidi

Usiku wa jana niliota ndege imeikataa ndoo yangu. Ilikuwa ndoo ya maji ya moto yenye majani ya mwarobaini, ya kumkandia mwanangu Mwanaidi, aliyejifungua juzi huko Amerika. Yuko peke yake, hana mama wala shangazi karibu. Mimi ndiye ninayewakanda wazazi wa Ngamiani yote, halafu wangu mwenyewe akandwe na nani?

Ndege iliinamisha pua, ikanisemesha kwa adabu. "Shikamoo, mama. Majimaji mwisho mililita mia."

"Marahaba. Mzazi hakandwi kwa kijiko," nikaijibu, nikashuka ngazi na ndoo yangu.

Ngazi ikanishusha jikoni kwangu, Tanga. Nikafungua mlango wa nyuma, nikakuta bandari ya Ulaya, ukungu mtupu. Meli ilikuwa imetia nanga pale kwenye banda langu la kuku.

"Maji kwangu si tatizo," ikasema meli. "Ila Atlantiki ni siku tano, mama. Yatapoa."

"Utanipeleka, au utanihubiria?"

Ikapiga honi, tukaondoka.

Siku ya kwanza, adhuhuri, meli inanigongea mlango. Inasema tunaelekea magharibi, kwa hiyo kila siku inarudishwa saa moja nyuma, na kila abiria anakabidhiwa saa yake hiyo ya ziada mkononi. Jirani yangu, mzee mmoja wa Kizungu aliyestaafu, anaichukua yake na kuilalia papo hapo.

"Ya kwangu niwekee," naiambia. "Nitazichukua zote pamoja."

Siku ya tatu natia mkono kwenye ndoo. Baridi kabisa. Moyo unaniuma kweli.

Ndipo unapotokea mlima wa barafu, unaogelea ubavuni mwetu kwa haraka zake.

"Unakwenda wapi?" nauuliza.

"Hospitali. Kuna mzazi anaitwa Mwanaidi. Nesi ameniagiza, niwe kinywaji chake. Huko ndivyo wanavyofanya."

Jamani, mzazi na barafu. Mifupa bado iko wazi, baridi iingie, mwanangu aumwe mgongo mpaka uzeeni. Niliogopa, sikatai. Kisha hasira zikanishika, nikaona afadhali.

"Mwanangu hakunywi wewe," nikauambia. "Meli, kanyaga mafuta."

"Sina pa kukanyagia, mama."

"Tafuta."

Meli ikatafuta, ikapata.

Siku ya tano sitaha ya meli ikaishia wodini, miguuni pa kitanda cha Mwanaidi. Mlima nao ulikuwa umefika, lakini safari ilikuwa imeumaliza, umebaki wa kujaa kikombe. Nesi alikuwa amekishika, anakipeleka kwenye midomo ya mwanangu.

"Subiri, mwanangu," nikamwambia nesi. "Meli, lete saa zangu."

Meli ikanipa zote tano, nikazimimina kwenye ndoo. Maji yale yalipoa kwa saa tano tu. Baada ya hapo yalikaa baridi, hayana cha kupoa zaidi. Basi yakarudi pale pale nilipoyaipua, yakafuka moshi wodi nzima. Nesi akayatazama, akaenda kukimwaga kikombe chake.

Nikamkanda. Mgongo, nyonga, tumbo. Hakufumbua macho.

"Mama, umekuja na nini?"

"Meli."

"Ndege zimeisha?"

"Ndege hazijui uzazi."

Akacheka kidogo, machozi yakamtoka. Na mimi yakanitoka. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tangu aondoke nyumbani.

Kumaliza kumkanda, nakumbuka sikuja na mkaja wa kumfunga tumbo. Mimi, miaka thelathini kazini, nimesahau mkaja. Nikaivua kanga niliyojitanda, nikamzungushia kiunoni, nikakaza mpaka akaguna, nikapiga fundo langu la ubavuni.

Nikaamka. Niko kitandani kwangu, Tanga, kumekucha, na simu inalia.

"Shikamoo, mama," akasema Mwanaidi. "Leo nimelala vizuri, hata mgongo hauniumi. Lakini nimeamka nimefungwa kanga tumboni. Nesi anasema si yeye, na fundo limetushinda wote wawili."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Liacheni. Hilo nitakuja kulifungua mwenyewe siku ya arobaini."