Fimbo ya Busta

Gosbert alikuwa fundi wa magari pale Nyakakika, na mdomo wake ulijulikana kuliko spana zake. Juzi pikapu kuukuu ya mzee Mbonimpa ilipovutwa hadi gereji, magurudumu yananuka kuungua, aliitupia jicho mara moja tu, akahukumu mbele ya kijiwe kizima.

"Gari halina ubovu! Huyu dada kalalia breki mteremko mzima wa Igurwa mpaka zikaungua. Kaogopa, mguu ukagoma kutoka kwenye pedali."

Watu wakacheka. Dusabe, binti wa mzee, alikuwa amesimama palepale, bado ana matope ya shamba la migomba alikoliingiza gari breki zilipokataa. Mama yake, Kantengwa, aliyekuwa naye garini, alikuwa zahanati, amevunjika mkono. Mzee alinyoosha kiganja bila kumtazama binti yake, naye akamkabidhi ufunguo.

Leo Gosbert alitoa upepo kwenye breki, akaliendesha gari mwenyewe. Alikanyaga breki mara chache tu, na mguu akauondoa kila mara. Hata hivyo gari likawa zito, likazidi kuwa zito, mwisho likasimama lenyewe. Akafungua boneti, akalegeza nati mbili zinazoshikilia masta silinda, pampu ya mafuta ya breki, kwenye busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu. Magurudumu yakaachia papo hapo.

Busta hiyo aliifunga yeye, wiki mbili zilizopita, ya mtumba kutoka ng'ambo ya Murongo. Ina fimbo inayosukuma masta silinda, nayo lazima ipimwe kabla ya kufungwa, maana ikizidi urefu hata kidogo, breki hushika na haziachii, zikapata moto hadi zikakataa kabisa mteremkoni. Gosbert alilijua hilo vizuri. Ila siku ile kijiwe kilikuwa kimejaa watu waliotoka misa, na kwa watu wale fundi anayepimapima ni fundi anayejifunza bado. Basi akafunga kwa kukadiria. Kwa sifa, tuseme ukweli.

Aliifupisha fimbo, akapima, akafunga. Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza, na aibu ya kuwaza hivyo ilimchoma kuliko kosa lenyewe.

Mzee Mbonimpa alipofika, Gosbert alishindwa kumtazama usoni.

"Shikamoo, mzee. Binti yako hana kosa. Ni mimi."

Akamweleza yote.

"Mimi umeniambia," alisema mzee. "Na wale uliowachekesha?"

Mzee akapiga simu, Dusabe akaja. Gosbert akasimama mbele ya kijiwe kilekile, akasema kila kitu: fimbo, kutopima, uongo wake. Safari hii hakuna aliyecheka. Alimgeukia Dusabe akisubiri matusi, tena akiyatamani, maana matusi angeyabeba.

Dusabe hakumtukana. Aliuliza polepole, "Kwa hiyo hata ningeuinua mguu?"

"Hata ungeuinua, dada. Zingeshika tu."

"Niliuinua," alisema. "Nakumbuka niliuinua." Akachuchumaa pale chini, akafunika uso kwa viganja. "Na jana nimempigia mama magoti, nikamwomba msamaha kwamba sikuuinua."