Kabla ya Zamu ya Mrija

...na si maumivu, maumivu anayajua, hiki ni kitu kingine, kizito, chini ya kitovu, kama mtu ameweka kiganja pale anaegemea kidogo kidogo, na Fundi akabaki vilevile alivyolala, macho darini, asithubutu kupumua kwa nguvu asije akakitisha kikakimbia, huku daktari, upande wa kulia wa kitanda, akimweleza mama yake mambo aliyokwisha kumweleza mara nne, "...kwa hiyo mama, matokeo ya jaribio mpaka mwisho wa mwaka, wengine wanadungwa dawa, wengine maji ya chumvi tu, hata mimi sijui kama mwanao amepata ipi," na mama anaitikia "ehe, ehe" ya mtu asiyekubali, mama huyu ambaye siku ya kwanza alimkaba daktari kwa maswali, hizo seli shina mnazitoa kwa nani, zikigoma kutoka je, na daktari akasema seli zenyewe hatumwekei, mama, zinabaki maabara, zinatema vifuko vidogo ajabu, hata darubini ya kawaida haivioni, na ndani yake mna maagizo, punguzeni uvimbe, acheni kufa, anzeni kuunga, hivyo vifuko ndivyo tunavyomdunga mgongoni, na mama akafikiri, akasema, "Yaani mwalimu haji darasani, anatuma daftari," wakacheka wote, hata Fundi, aliyekuwa hajacheka tangu ngazi... ngazi ile, jamani, miaka kumi na minne anapanda dari za watu kuvuta nyaya, umeme haujawahi kumgusa, halafu ngazi inateleza kwenye sakafu yenye sabuni, mita tatu tu, akausikia mgongo ukilia ko, na miguu ikawa ya mtu mwingine, miezi kumi na moja sasa, na watu wakija wanauliza utatembea lini, utatembea lini, hakuna hata mmoja anayeuliza habari za mkojo, mrija wa kuutoa mara tano kwa siku, kwa saa ya ukutani, kwa sababu kibofu kilinuna, hakisemi neno, kinajaa kimya kimya na kikimwagika ndipo unajua, kama siku ile mafundi wenzake walipokuja kumwona nyumbani, watano wamebanana kwenye kochi, akaona macho ya mmoja yakishuka kwenye sketi yake, akayafuata, akaona imelowa, na Mrefu, yule wa utani mwingi, akachovya kidole kwenye kikombe chake kuona kama chai imepoa, hilo alimwona kabisa, akainuka, akajikwaa pasipo na kitu, akammwagia chai yote mapajani, "Aa, samahani dada'angu, mikono gani hii!" na wengine wakaanza kumgombeza Mrefu kwa sauti kubwa kuliko kosa, watu wazima watano wanaigiza kwa ajili yake, na walipoondoka akamwambia mama, sitaki mgeni tena ndani humu... lo, kinaegemea tena, kimezidi, si ndoto hii, au ndoto, maana wiki ya sita baada ya sindano alidhani kidole cha mguu kimecheza, akapiga kelele, nesi akaja mbio, kumbe misuli imejikaza tu yenyewe, na aibu ile ilimkaa siku tatu, basi safari hii hasemi, anapima kwanza, yeye ni fundi, fundi haridhiki kwa kubahatisha, haya, amekunywa nini, chai vikombe viwili, mama alimimina akasahau akamimina tena, na saa ya ukutani inasema saa tatu na nusu, mrija ni saa tano, kwa hiyo si saa iliyomwambia, si nesi, si mama, hakuna mtu yeyote duniani aliyemwambia, habari imetoka kibofuni yenyewe, imepanda mgongoni, imefika palepale palipovunjika na... imepita, imepita! dari ni ile ile, feni ni ile ile, "...wengine hupata nafuu kidogo hata bila dawa," daktari anasema, na iwe dawa, na iwe chumvi, nani anajali sasa hivi, "Mama." "Nini, mwanangu?" "Nimebanwa." "Umebanwa na nini, shuka?" "Na mkojo, mama." Kalamu ya daktari ikasimama. Mama akamshika daktari mkono, "Amesema nini? Wewe umesikia amesema nini?" "Tangu saa ngapi?" daktari akauliza, sauti imepungua, "Tangu ulipoanza habari zako za mwisho wa mwaka," na daktari akasema tusikimbilie kusema ni vile vifuko, siwezi kuandika hivyo, inabidi tupime, turudie, "Andika nimebanwa," akasema Fundi, "hilo tu, andika fundi umeme amebanwa na mkojo saa tatu na nusu asubuhi," na mama analia na kucheka kwa pamoja, anauelekea mlango, "Nesi! Nesi, njoo na mrija, haraka!" na Fundi, mzito, amebanwa kama abiria yeyote kituoni, kama mtoto anayekunja miguu darasani akiogopa kunyoosha mkono, kama watu wote wazima wa dunia nzima wasiojua neema waliyo nayo, akasema, "Asije kwanza, mama, mwambie asubiri... niacheni dakika mbili hivi nisikie."